Vitamini C ya usoni: soma chupa kabla ya kulipa

Wiki tatu zilizopita mama mmoja kutoka upande wa Kiwira aliingia chumbani kwangu hapa Tukuyu akiwa amemshika mkono binti yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Binti alinisalimia "shikamoo daktari" huku ameinamisha kichwa, kitenge cha mama yake kimemfunika nusu ya uso. Alipokishusha niliona mashavu yote mawili yameungua. Ngozi ilikuwa inabanduka pembeni mwa pua, mabaka meusi yamezunguka sehemu zilizochubuka, na kope zimevimba.

Mama alifungua mkoba akapanga vitu vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa chupa ndogo ya kioo cheupe yenye picha ya chungwa na maandishi makubwa ya "Vitamin C". Cha pili, kikopo cha krimu chenye chungwa lilelile kwenye mfuniko. Cha tatu, nusu ya limau iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. (Sikuthubutu kuangalia ni gazeti gani.)

"Daktari," akasema, "mimi nilimkataza huyu mtoto mkorogo. Nikamwambia, nitakununulia vitamini, tena kwa hela yangu ya ndizi, ili usije ukajiharibu kama wenzako. Sasa vitamini inamchomaje mtoto?"

Nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu homa ya mapafu kwa watoto, lakini swali la mama yule limesukuma mada hiyo mbele. Limenirudia akilini kila ninapopita kwenye maduka ya vipodozi, kwa sababu chungwa lile limekuwa kila mahali: kwenye sabuni, losheni, krimu, seramu, hata mafuta ya watoto wachanga. Mama huyu hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa anajaribu kumlinda mwanawe, na neno alilolitegemea limlinde ndilo lililompoteza. (Nimebadilisha mambo machache ili wasitambulike, na wote wawili wameniruhusu kuandika.)

Nianze na chupa. Nilidondosha matone mawili kwenye shashi nyeupe. Yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, ile iliyokaa kwenye birika tangu asubuhi. Mama alidhani ndiyo rangi yake, si ni chungwa? Seramu ya vitamini C tupu inatakiwa iwe nyeupe kama maji au njano hafifu sana. Ikifika rangi ya chai, sehemu kubwa ya vitamini imekwishakufa.

Wakazi wa Rungwe hawahitaji maabara kulielewa hili. Kata parachichi, liache mezani nusu saa, uone linavyogeuka rangi. Likikamuliwa limau, halibadiliki upesi. Kinachobadilisha rangi ya parachichi ni hewa ya oksijeni, na sehemu ya kinacholilinda ni vitamini C iliyomo kwenye limau, ambayo inakubali kuliwa na oksijeni kwanza ili parachichi lipone. Hiyo ndiyo kazi yake hata ndani ya ngozi: jua na moshi vinapozalisha kemikali chokozi zinazoharibu seli, vitamini C inajitoa mhanga. Inasaidia pia kutengeneza kolajeni, ule utando unaoshikilia ngozi isilegee, na inapunguza kasi ya kimeng'enya kinachotengeneza rangi nyeusi ya ziada penye kidonda au chunusi iliyopona. Kwa hiyo kuipaka usoni si upuuzi. Ina msingi.

Tatizo ni kwamba kitu kinachokubali kuliwa na oksijeni haraka hakikai kwenye chupa. Vitamini C tupu, ile ambayo wakemia wanaiita asidi askobiki, ikichanganywa na maji huanza kuharibika, na joto, mwanga na hewa huiharakisha. Zaidi ya hapo, ili ipenye ngozi inahitaji maji yenye ukali wa asidi, pH chini ya 3.5. Hili lilionyeshwa kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa mwaka 2001 na kufanyika kwenye ngozi ya nguruwe. Ukali huo unawasha. Ngozi yetu nyeusi ikiwashwa sana hulipiza kwa kuweka doa jingine jeusi, ndiyo maana mtu anaanza na madoa matatu anamaliza na kumi.

Sasa fikiria safari ya chupa ile. Inashuka bandarini Dar es Salaam, inakaa ghalani, inapanda basi au lori, inapita Morogoro na Iringa hadi Mbeya ikiwa katikati ya mizigo mingine, halafu inapandishwa huku kwetu na kuwekwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana. Tukuyu kuna baridi, ni kweli, lakini baridi ya Tukuyu haifufui kilichokufia njiani.

Ndiyo sababu viwanda vilitafuta njia nyingine: kuifunga vitamini C. Molekuli ileile inashikizwa na kitu kingine, kwa mfano fosfeti au sukari, au inafanywa ipende mafuta badala ya maji. Ikiwa imefungwa hivyo, oksijeni haiipati kirahisi, na seramu inaweza kuhimili kabati la duka kwa muda mrefu zaidi. Haihitaji pia ukali ule wa asidi, kwa hiyo haichomi sana. Ikiingia kwenye ngozi, vimeng'enya vya mwili vinaifungua na kuiacha vitamini C ifanye kazi yake. Mimi nitaiita vitamini C tulivu. Japani waliipokea mapema. Ile iliyofungwa na sukari iliruhusiwa huko kama kiungo cha kung'arisha madoa tangu miaka ya 1990.

Je, inafanya kazi? Hapa nitasema ninachoamini, hata kama wauzaji hawatafurahi. Inafanya, lakini kwa upole, na si aina zote. Utafiti mmoja wa Japani wa mwaka 1996 uliwapa wagonjwa 34 wenye madoa usoni krimu yenye asilimia 10 ya vitamini C iliyofungwa na magnesiamu na fosfeti. Kwa 19 kati yao madoa yalipungua kwa kiasi cha kuonekana. Zaidi kidogo ya nusu, na utafiti wenyewe ni mdogo. Ule wa Duke niliotaja ulijaribu aina hiyohiyo pamoja na nyingine iliyofungwa na mafuta, na haukuona kiasi cha vitamini C kikiongezeka ndani ya ngozi. Aina iliyofungwa na sodiamu na fosfeti ina ushahidi fulani kwa chunusi. Kwa hiyo mgonjwa akiniuliza nachagua ipi kwa mazingira yetu, namwambia tulivu, kwa sababu dawa dhaifu iliyo hai ni bora kuliko dawa kali iliyokufa. Lakini simwambii kwamba itamfanya awe mtu mwingine. Rangi uliyozaliwa nayo haitoki kwa vitamini C ya aina yoyote. Ukiona chupa imeandikwa vitamini C na uso wako mzima umekuwa mweupe ndani ya wiki mbili, ndani yake kuna kitu kingine.

Hapo tunafika kwenye kikopo.

Kile kikopo hakikuwa na orodha ya viambato. Kilikuwa na jina, chungwa, na mstari mmoja wa Kiingereza kwa herufi ndogo kabisa uliosema kisiguse dhahabu, fedha wala alumini. Binti aliusoma mwenyewe kwa sauti, kisha akaniangalia. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba onyo la namna hiyo kwenye krimu ya ngozi ni dalili kuwa huenda ina zebaki, kwa sababu zebaki hushambulia madini hayo. Siwezi kuthibitisha kwamba kopo lile lilikuwa na zebaki. Sina maabara ya kuipima hapa. Ila sikuhitaji kuthibitisha ili kumwambia mama asilirudishe nyumbani.

Zebaki haikai usoni. Inapenya ngozi, inakwenda kwenye figo, na sehemu yake hupaa kama mvuke, kwa hiyo anayelala na aliyejipaka, hasa mtoto mchanga, anaivuta. Taulo na mito navyo hubeba. Afrika Mashariki tumelijua hili zaidi ya miaka 50. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa ya wagonjwa 60 watu wazima waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivujisha protini, na zaidi ya nusu yao walikiri kutumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Figo za baadhi yao zilipata nafuu walipoacha. Niliisoma taarifa ile nikiwa mwanafunzi, nikadhani ni historia. Si historia.

Sheria ipo. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na vyenye haidrokwinoni, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihama kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango, TBS. Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata unaohusu zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama waliokutana Geneva waliondoa hata ule mwanya mdogo uliokuwa unaruhusu krimu yenye kiasi kidogo. Kwenye karatasi tumekamilika. Mezani kwangu kikopo kilikuwepo.

Sasa kuna jambo la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mwenye ngozi iliyoharibika kwa mkorogo, mashavu yamekuwa ya buluu-nyeusi kama chungu kilichoungua, hali ambayo haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huileta na ambayo ni vigumu sana kuiondoa. Nilimgombeza. Nilimuuliza, mbele ya muuguzi, kwa nini anakataa rangi aliyopewa na Mungu. Hakurudi. Sijui figo zake ziko wapi leo. Nilikuja kusoma baadaye utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliohoji wanawake 42 wa Dar es Salaam waliokuwa wakijichubua. Kutaka weupe kulikuwemo, na kumfurahisha mume kulikuwemo, lakini wapo pia waliosema walianza kwa kutaka kuondoa chunusi na vipele. Na wengine walikuwa wanaendelea kupaka ili kuficha madhara ya kile walichokwisha kupaka. Yule mama niliyemgombeza hakuniambia alianzaje. Sikumpa nafasi.

Huyu binti wa Kiwira alianza na chunusi. Chunusi za kawaida za miaka kumi na sita, zilizoacha madoa. Shuleni wakamtania. Shangazi akamfundisha limau. Mama akaongeza seramu. Muuza duka akasema seramu bila krimu yake haifanyi kazi, akauziwa na krimu. Kwa jumla wametumia shilingi 43,000.

Limau halikuwa dogo katika maafa haya. Watu huniambia, daktari, hiyo si ni vitamini C ya asili? Ni kweli limo, lakini ukali wa limau unakaribia pH 2, hakuna anayeupima, na maji ya ganda lake yana kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi kama uji wa moto. Malengelenge hutokea siku moja au mbili baadaye, yakipona huacha weusi wa miezi. Mtoto aliyechezea ndimu juani anaweza kuja na michirizi mikononi ambayo mtu akadhani amechapwa. Limau ni la chai, samaki na parachichi. Kuponda vidonge vya vitamini C vya kutafuna na kuvichanganya na maji nako hakusaidii. Vina sukari na rangi, na mchanganyiko huo huanza kuharibika kabla ya siku kwisha.

Na sindano. Zimeanza kutajwa hata huku, sindano za vitamini C kwa dozi kubwa pamoja na glutathioni, za "kung'aa kutoka ndani". Wapo wengi katika maeneo yetu yenye malaria, wakiwemo ndugu zetu wa Kyela, waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD bila kujua. Kwa mtu huyo dozi kubwa ya vitamini C kwenye mshipa inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa ghafla. Inaweza pia kuziba figo kwa mawe madogo. Sitaandika zaidi ya hapo. Usichomwe.

Kabla sijarudi kwenye chupa, niseme kitu kuhusu jua, kwa maana hapa ndipo fedha nyingi zinapotea. Wagonjwa wangu huniambia Tukuyu hakuna jua, ukungu tu na mvua. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya jua inayochoma huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mawingu mepesi huruhusu sehemu kubwa ya mionzi hiyo ipite. Mchuma chai wa Katumba anayesimama shambani tangu asubuhi kwenye ukungu anapigwa na jua ambalo halihisi, kwa kuwa baridi inamdanganya. Madoa yale ya mashavuni ambayo akina mama wengi huyapata wakiwa wajawazito au wakitumia baadhi ya vidonge na sindano za uzazi wa mpango hulishwa na jua hilo kila siku. Seramu ya vitamini C juu ya uso usiokingwa ni sawa na kudeki huku bati linavuja.

Kwa hiyo kofia ya pembe pana kwanza, au mwavuli, ule ule wa mvua. Halafu mafuta ya kinga ya jua kwa anayeweza kuyanunua, SPF 30 au zaidi. Kwa madoa, yale yenye rangi kidogo yanayofanana na ngozi hukinga vizuri zaidi kwa sababu yanazuia pia mwanga wa kawaida. Watu wenye ualbino wana haki ya kwanza katika hili. Kule Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC kilichoanza mwaka 1992, hutengenezwa mafuta ya kinga ya Kilisun kwa ajili yao. Mzazi mwenye mtoto mwenye ualbino aulize hospitali ya wilaya kuhusu kliniki za ngozi na upatikanaji wa mafuta hayo, wala asikubali kuuziwa seramu yoyote kama mbadala wake.

Haya, chupa. Pindua uangalie nyuma, maana mbele ni picha tu. Kama hakuna orodha ya viambato, irudishe kabatini, mazungumzo yameisha. Kama ipo, tafuta herufi A-S-C-O-R-B. Zikikosekana, hakuna vitamini C humo, hata kama kuna machungwa kumi. Ukikuta "ascorbic acid" peke yake, ni ile tupu, na ni lazima iwe kwenye chupa ya giza inayofungwa vizuri na yenye tarehe ya karibuni. Ukikuta "ascorbyl" ikifuatiwa na neno kama "phosphate" au "glucoside", au "ethyl" ikitangulia "ascorbic acid", au neno refu linaloishia na "ascorbate", hiyo ni tulivu. Angalia pia ipo nafasi ya ngapi. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo vitamini C iliyoandikwa baada ya manukato ni ya kupamba lebo. Kuna mchoro mdogo wa kopo lililo wazi wenye namba na herufi M. 6M maana yake miezi sita tangu kufungua. Andika tarehe uliyofungua kwa kalamu juu ya chupa.

Ukiianza, jaribu kwanza ndani ya mkono kwa siku tatu. Kisha usoni asubuhi, matone machache, siku mbili au tatu kwa wiki, halafu kinga ya jua juu yake. Ikichoma kwa zaidi ya dakika chache, acha. Usitarajie kitu kabla ya wiki nane hadi kumi na mbili. Mjamzito anaweza kuitumia. Haidrokwinoni, zebaki na mikorogo ndivyo vya kukimbia. Mtoto mdogo haihitaji kabisa, na sielewi kwa nini mtu anaiweka kwenye mafuta ya mtoto mchanga isipokuwa kwa ajili ya mfuko wa mzazi. Vitamini C ya mtoto ni mapera. Pera moja lina vitamini C kuliko chungwa, na huku kwetu yanaoza chini ya miti.

Kijana mwenye chunusi aletwe atibiwe chunusi. Kuna dawa za bei nafuu, na madoa ya chunusi mengi hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa kama mpya hazizuki na kama hayakwanguliwi. Kusubiri ndiyo dawa ngumu kuliko zote kwa mtu wa miaka kumi na sita, najua. Nilikuwa na umri huo, na nilipaka dawa ya meno.

Kwa wenye mamlaka nina maombi mawili. TBS na maofisa afya wa halmashauri wanakagua, lakini mara nyingi ninachosikia ni makopo yaliyoteketezwa, picha zimepigwa, kisha kimya. Ingefaa kipodozi chochote kinachouzwa kwa jina la vitamini kilazimike kutaja ni aina gani, kiasi gani, na tarehe ya kutengenezwa, kwa Kiswahili. Chungwa lisiruhusiwe kusimama badala ya maneno. La pili ni kwetu sisi tuliovaa makoti meupe, na kwa wauzaji wa maduka ya dawa muhimu ambao ndio daktari wa kwanza wa watu wengi: tuulize "unapaka nini?" kama tunavyouliza "unakunywa dawa gani?", kwa sauti ileile. Mjamzito anayekuja kliniki anapimwa shinikizo, mkojo na damu. Swali hilo moja halina gharama, na kipimo chake cha mkojo kinapokuwa na protini, jibu lake linaweza kutuonyesha pa kuanzia.

Binti nilimpima mkojo siku ileile. Haukuwa na protini, na mama aliposikia hivyo alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Ndaga fijo, daktari." Niliwapa mafuta mazito ya kulainisha, nikawazuia vitu vyote vitatu kwa mwezi mzima, nikawaagiza kofia. Kikopo nilikifunga kwenye bahasha nikakikabidhi kwa ofisa afya pamoja na maelezo.

Walirudi juzi. Mashavu yamefunga, yamebaki mabaka meusi ambayo yatachukua miezi. Chunusi tatu mpya kidevuni, na hizo sasa tumezianzishia dawa. Binti hakuwa na kitenge usoni. Alikuwa na kofia ya baba yake ya shambani, kubwa kupita kichwa, na alinieleza kwamba shuleni wanamwita bwana shamba. Alikuwa pia ameandika kwenye daftari majina ya seramu nne alizozikuta dukani na viambato vyake, herufi kwa herufi. Moja tu ndiyo ilikuwa na A-S-C-O-R-B. Ilikuwa ya tatu kutoka mwisho, baada ya manukato.